Walezi Hawali Sifa

Kila ifikapo sikukuu, magari husimama mbele ya makao ya watoto. Hushushwa mchele, mafuta na katoni za sabuni. Picha hupigwa, hotuba hutolewa, kisha magari huondoka. Anayebaki ni mama mmoja mwenye kanga kiunoni, ambaye katika picha zile ulionekana mkono wake tu.

Huyo ndiye mlezi. Ndiye ajuaye kwamba mtoto huyu huficha ugali chini ya mto kwa hofu ya kesho, na yule hukojoa kitandani kila wajapo wageni. Hukesha zamu ya usiku na mwenye homa, hufua mashuka, na asubuhi huitwa yaya. Na nani? Na wasomi wenzangu, nasema kwa masikitiko, ambao kasumba ya mkoloni imewaaminisha kwamba kazi isiyo na meza wala faili haina taaluma.

Ujinga huo hauna udhuru. Mwaka 1951 daktari Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani kwamba mtoto anayekosa mlezi wa kudumu wa kumpenda huathirika akili na moyo. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka huko Romania, Desemba 1989, dunia ilishuhudia matokeo ya kupuuza jambo hilo: majumba makubwa, vitanda vimepangwa safu kwa safu, na watoto waliojitikisa wenyewe kwa kukosa wa kuwapakata.

Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa watumishi wa makao wajibu wa mzazi kwa mtoto aliye mikononi mwao. Basi na tuwaulize wenye makao: ni mzazi gani huyo wa mkataba wa miezi mitatu? Mlezi akihama kwa ajili ya ujira duni, mtoto aliyekwisha kufiwa hufiwa tena.

Wapo wasemao dawa ni kuwarudisha watoto kwa jamaa zao au kuwapeleka katika malezi ya kambo. Naam, makao yawe kimbilio la mwisho. Lakini mtoto aliyepigwa na baba yake ataandaliwa na nani kuingia nyumba nyingine bila woga, kama si na mama yule yule wa zamu ya usiku?

Kwa hiyo wanaojiandaa kuweka jiwe la msingi la bweni jipya watuonyeshe kwanza daftari la mishahara.