Sidii Ilikwama, Hadithi Ikaendelea

Kila bumu likitoka, mjadala wa filamu unafufuka pale kwenye vimbweta. Huyu kashusha filamu mpya yenye madoido ya kompyuta mpaka laptopu inaunguruma, yule anatutajia mabilioni iliyoingiza. Mwishowe lazima mtu aseme: "Bongo Movie hatufiki popote, hatuna hela ya madoido." Wote tunatikisa vichwa. Na mimi nilikuwa natikisa. Siku hizi sitikisi tena, na sababu naitoa kijijini kwetu.

Nimekulia Kwashemshi, Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge. Sinema yetu ilikuwa kibanda umiza: mabati, mabenchi na televisheni moja ya chogo. Kiingilio shilingi 200, asiye nayo anapiga chabo kwenye tundu la ukuta. Picha zilikuwa za kutafsiriwa, zile za akina Lufufu, ambapo mtu mmoja ndiye steringi, ndiye adui, ndiye mpenzi wa steringi.

Jioni moja tukawekewa Avatar, filamu ya James Cameron ya mwaka 2009. Hiyo ndiyo iliyoingiza hela nyingi kuliko zote duniani, zaidi ya dola bilioni 2.9. Sisi hayo hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba kuna askari aliyepooza miguu, na mkubwa wake kamwahidi kwamba akiwapeleleza wenyeji wa msituni atatibiwa. Vita ya mwisho inaanza, ndege ndiyo zinapaa, sidii ikakwama. Mwenye banda akaitoa, akaipangusa kwa fulana, akairudisha. Ikakwama palepale. Tukaanza kupiga mabenchi tukidai chetu.

Akazima televisheni, akasimama mbele yake. "Tulieni, niwamalizie." Akatumalizia kwa mdomo, na kila alipopandwa na mori aliingia Kisambaa. Kwake yeye, mkubwa alimletea steringi ile miguu aliyomwahidi, na steringi akaikataa: "Miguu ya kukanyagia makaburi ya watu siitaki." Banda zima kimya. Hakuna aliyekumbuka tena mia mbili yake. Kesho yake shuleni tuliyaigiza maneno yale mpaka mwalimu wa zamu akatutawanya.

Nilipofika chuo, mwaka wa kwanza, nikaitafuta ile filamu nione mwisho wake. Vita yake ni nzuri, siwezi kudanganya. Lakini yale maneno hayamo. Jamaa aliyatunga! Ile sehemu ambayo kompyuta zilifanya kazi kubwa hatukuiona kabisa, na bado tuliondoka tumeshiba.

Najua kuna atakayesema huu ni utoto tu, namba hazidanganyi. Sawa, tuziangalie namba. The Lion King ya mwaka 1994 ilichorwa kwa mkono. Mwaka 2019 wakaitengeneza upya kwa kompyuta, ukiwaona wale simba unaweza kudhani wapo Serengeti. Ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Madoido yanauza, nakubali. Lakini watu wengi walilalamika kwamba sura za wale simba wapya hazioneshi huzuni wala hofu. Na jiulize, kilichouzwa mara mbili ni nini? Madoido walibadilisha. Hadithi ya mtoto aliyenyang'anywa nafasi ya baba yake ndiyo waliyoirudia.

Tuje jirani. Kampala, mtaa wa Wakaliga, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Milipuko yake inachekesha. Helikopta zake mtoto wa darasa la tatu anajua si za kweli. Lakini imetazamwa mpaka Marekani na Ulaya, na moja ya sababu ni VJ Emmie, sauti inayosimulia, inayotania na kushangilia mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ileile ya mwenye banda wetu.

Nikiongea hivi nami nina deni. Mwaka jana kundi letu lilitengeneza filamu fupi ya hapa chuoni. Wiki mbili tulihangaika na programu ya kulipua gari kwenye simu. Hadithi tuliiandika usiku mmoja. Siku ya kuionesha, gari lililipuka vizuri ajabu, watu wakapiga makofi. Kisha aliyekaa pembeni yangu akauliza, "Kwani yule jamaa alikuwa anakimbia nini?" Mimi ni mmoja wa walioandika, na sikuwa na jibu.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba zana hutumikia somo. Ukiingia darasani na projekta bila somo, wanafunzi watatazama picha, kengele italia, basi. Filamu nayo ni hivyo.

Na hadithi tunazo. Kwetu wanasimulia habari za Mbegha, aliyeota meno ya juu kwanza, akaitwa kigego, akakataliwa na ndugu zake kule Ungulu. Akaingia milima ya Usambara akiwinda nguruwe, akigawa nyama, mpaka waliompokea wakamfanya mtawala wao. Abdallah bin Hemedi aliiandika katika Habari za Wakilindi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Huyo ni steringi kamili, tena hahitaji hata ndege moja.

Kwa hiyo, kundi lolote linalotaka kutengeneza filamu muhula huu, naomba kitu kimoja. Kabla hamjachanga bumu kukodi kamera na droni, njooni kimbwetani, zimeni simu, mmoja wenu asimame atusimulie kwa mdomo tu. Tukiuliza "halafu?", hapo kakodini kamera. Tukianza kuaga tunawahi kantini, rudini mkaandike upya.