Silikosisi: Ugonjwa Uliobeba Jiwe Katika Jina Lake

Mchimbaji mdogo aliyefanya kazi miaka mingi katika maduara ya Nyarugusu au Mwakitolyo anapofika zahanati akikohoa na kuishiwa pumzi, jambo la kwanza linalofikiriwa ni kifua kikuu. Fikra hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Upo ugonjwa mwingine, silikosisi, ambao mara nyingi jina lake huishia kwenye faili, mgonjwa asielezwe maana yake.

Maana hiyo ni elimu tosha. Neno la Kiingereza "silicosis" limetokana na neno la Kilatini "silex", yaani jiwe la gumegume. Kiishio chake, chenye asili ya Kigiriki, huashiria hali ya ugonjwa. Achille Visconti, tabibu wa Milan nchini Italia, alilitumia mwaka 1870. Jina la kitaalamu la kifua kikuu, "tuberculosis", nalo lina asili ya Kilatini: "tuberculum", yaani kivimbe kidogo. Hili laeleza kile tabibu alichokiona ndani ya pafu. Lile lataja kilichoingia humo.

Tofauti hiyo ina uzito katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga. Dhahabu nyingi hukaa katika miamba yenye kwatzi, ambayo ni silika. Mwamba unapotobolewa au kusagwa mkavu kwenye karasha, hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, likapenya hadi kwenye vifuko vya hewa na kuacha makovu. Vimelea vya kifua kikuu huuawa kwa dawa. Kovu la silika halifutiki. Isitoshe, pafu lililojaa silika hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mchimbaji anayemaliza dawa za miezi 6, kisha akarudi kwenye vumbi lile lile bila kuonywa, ametibiwa nusu.

Inafaa, basi, watumishi wa afya wamuulize kila mgonjwa wa kifua kazi aliyoifanya na kwa miaka mingapi, na waseme wazi: "ugonjwa wa vumbi la mawe". Anayelielewa jina hilo ataielewa na kinga yake: kulowanisha mwamba kabla ya kuutoboa au kuusaga, kukaa mbali na karasha, na kutotegemea kitambaa kilichofungwa puani, kwa kuwa hakizuii vumbi hilo. Kovu halina dawa. Vumbi lina kinga.