Ajali ya ulevi ina kinga



Wengi wetu husema, "Ajali haina kinga." Tunasema hivyo hata kama dereva alikuwa amelewa. Hapo tunakosea. Ajali ya ulevi ina kinga. Kinga yake ni kuamua mapema.

Huko Marekani, baadhi ya shule hufundisha vijana jambo hili kwa mashine. Mashine hiyo ina kiti, usukani na breki. Mbele yake kuna kioo kama cha televisheni, kinachoonyesha barabara. Kijana hukaa na kuendesha, lakini haendi popote. Kwanza usukani humtii. Kisha mashine hubadilishwa, ikawa kama dereva amelewa. Kijana anakata kona, usukani unachelewa. Anakanyaga breki, gari linachelewa kusimama. Mtoto anavuka barabara, anagongwa. Hiyo ni picha tu. Hakuna aliyeumia, na kijana hakunywa hata tone.

Naona mafunzo hayo ni mazuri, lakini hayatoshi. Kijana aliye kwenye mashine ana akili timamu. Anaona kwamba anakosea, naye anaogopa. Mlevi haoni. Pombe hutoka tumboni, huingia katika damu na kufika kwenye ubongo. Mapema kabisa hupunguza uwezo wa kupima mambo. Ndiyo maana mtu husema, "Mimi niko sawa," kabla hata hajaanza kupepesuka. Kwa hiyo tusimwachie yeye aamue.

Vijijini hatuna mashine hizo. Lakini tuna pikipiki, na tuna mbege, ulanzi na gongo. Bodaboda humbeba mama mjamzito na mwanafunzi. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani. Si zote zilitokana na pombe. Lakini zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa wenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ni watu kama sisi.

Tunaweza kujifunza bila mashine na bila kunywa. Nendeni uwanjani, mpime hatua ndefu 17. Chombo kinachokwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Ni kama kutoka mstari wa goli hadi mwisho wa eneo la penalti. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kushika breki, amekwenda mita 8 zaidi. Mtoto akiwa katika mita hizo 8, atagongwa.

Kisha mmoja aachie fimbo fupi, mwenzake aidake. Rudieni, lakini sasa mdakaji awe anahesabu kurudi nyuma kutoka 100. Mtaona mkono unachelewa. Kichwa kikishughulika na jambo jingine, mkono huchelewa. Pombe nayo huuchelewesha, na mnywaji hajui.

Wako wanaosema kahawa au maji ya baridi huondoa ulevi. Si kweli. Ini ndilo huondoa sehemu kubwa ya pombe mwilini, nalo hufanya kazi hiyo polepole. Kahawa itakuondolea usingizi, lakini pombe itabaki katika damu. Dawa ni muda.

Basi tufanye hivi. Anayekwenda kunywa aache pikipiki nyumbani. Akiwa nayo, ampe ufunguo mtu asiyekunywa, kabla ya kikombe cha kwanza. Muuza pombe asione haya kuushika ufunguo huo. Abiria akisikia harufu ya pombe kwa dereva, asipande, hata kama dereva ni ndugu yake. Kumnyima ndugu ufunguo si dharau. Kesho akiamka mzima, atashukuru.

Ukinywa, usiendeshe. Ukiendesha, usinywe.