Gorila anamleta mgeni mara moja, mwongozaji njo anamrudisha

Kibali cha kuona gorila, ikiwa Kahuzi-Biega ao Virunga, kinampa mgeni saa moja tu mbele ya wanyama. Saa ikiisha, mlinzi anatoa ishara na kila mtu anarudi nyuma. Siku ile inabaki na saa zingine 23. Nani atazijaza? Hapo njo inaamuliwa kama mgeni ataondoka na hamu ya kurudi, ao atasema moyoni mwake: "Nilishaona, imeisha."

Kwa wakaaji wengi wa Kivu, swali hili linaweza kuonekana la anasa. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Familia nyingi zinawaza kwanza chakula na usalama. Lakini vita haifungi barabara peke yake. Inatawanya pia watu wenye ujuzi, na kuwapata tena ni kazi ndefu kuliko kupaka hoteli rangi.

Mlango unaofungwa na kufunguliwa

Historia ya Virunga inaonyesha jambo hilo. Parke ilianzishwa mwaka 1925, ni ya kwanza katika Afrika. Mwezi wa tano 2018 ilifungwa kwa watalii baada ya mlinzi mmoja kuuawa na Waingereza wawili kutekwa nyara. Ilifunguliwa mwezi wa pili 2019, ikafungwa tena mwezi wa tatu 2020 juu ya korona. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ikalipuka, na ziwa la moto lililokuwa linavuta wageni hadi juu ya mlima likashuka na kupotea.

Kila mlango ukifungwa, waongozaji, wale ambao mtaani wanaitwa magide, wanatafuta maisha kwingine. Mmoja anapanda pikipiki ya taksi, mwingine anavuka mpaka. Siku mlango unafunguliwa, gorila wako porini, milima iko pale pale. Anayekosekana ni yule aliyejua kuwasimulia wageni habari zao.

Bei peke yake hairudishi mtu

Kwa miaka fulani, Kivu ilikuwa na silaha moja ya biashara: bei. Mwaka 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha gorila hadi dola 1,500, wakati Virunga ilikuwa inauza kwa dola 400. Wageni wengi walivuka mpaka juu ya tofauti hiyo. Lakini aliyekuja juu ya bei ndogo ataenda kwingine siku atapata bei ndogo zaidi. Kinachomrudisha mtu ni jambo ambalo hakulimaliza.

Tuchukue sahani ya sambaza. Mgeni anakula kando ya Ziwa Kivu, anasifu, analipa, anaenda. Mwongozaji mwenye ujuzi anamwambia kwanza kwamba samaki huyu hakuwa katika ziwa hili: aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayeweza kuwaza Bukavu ao Goma bila sambaza. Kisha anamwonyesha mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na wavuvi wanaopiga makasia kwa wimbo jua likizama. Anaeleza kwamba wanavuta samaki kwa taa, na kwamba mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, kwa hiyo wengi hawatoki. Mgeni aliyefika wakati wa mbalamwezi anaelewa kuna kitu hakukiona. Hakuna aliyembembeleza kurudi, lakini ameshaanza kuhesabu siku za giza.

Mfano mwingine ni wa Balega, kule Mwenga, Shabunda na Pangi. Vinyago vyao na sanamu zao za pembe vimejaa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wageni wanavipenda kwa umbo. Lakini ndani ya Bwami, ile jamii ya mafunzo ambayo wakoloni waliipiga marufuku mwaka 1948, kila kitu kilikuwa kinatembea na mezali yake. Kinyago kilikuwa kinafundisha namna ya kukaa na watu: kujizuia, kusikiliza, kutokuwa na pupa. Bila mtu wa kutoa mezali, kile ni kipande cha mti. Na mezali moja inaita nyingine, haziishi kwa mchana mmoja. Mtu akionja kidogo, atataka kusikia zaidi.

Ufundi si kusema mingi

Wengi wanafikiri mwongozaji mzuri ni yule mwenye mdomo. Si hivyo. Aliyekariri tarehe na kuzimwaga bila kupumua anachosha mgeni kabla ya saa sita. Kazi hii ina mambo matatu ambayo mgeni anayakumbuka akiwa tayari kwao.

La kwanza ni lugha. Kifaransa kinatosha kwa Wakongomani wengi wenye masomo, lakini wageni wengi wanaopitia Kigali ao Kampala wanasema Kiingereza. Mwongozaji anayetafsiri nusu anauza nusu ya hadithi. Na lugha ya kijiji ni muhimu vilevile: anayesalimia wamama wa Kabare kwa Mashi anafunguliwa mlango ambao Kifaransa hakifungui.

La pili ni ukweli, zaidi juu ya usalama. Mgeni akiuliza kama barabara iko nzuri, jibu la "hakuna shida" kila siku ni sumu. Siku moja shida itatokea, na hata akitoka mzima, hatarudi wala hatamtuma ndugu yake. Anayesema "leo hatupiti hapa, tungoje kesho" anapoteza pesa ya siku moja lakini anashika jina lake. Vilevile kwa hadithi: kama jambo ni imani ya wazee, kama zile za roho za wafu ndani ya Nyiragongo, liitwe imani ya wazee, lisiuzwe kama historia iliyoandikwa.

La tatu ni heshima kwa wenyeji. Nani anapigwa picha, nani ameulizwa, nani amelipwa? Mwongozaji anayeingiza watu ndani ya lupango la mama bila hodi anamtia aibu mwenyeji na mgeni pamoja. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji asipopona, safari ya pili atafunga mlango.

Nani ana haki ya kusimulia?

Hapa njo kuna jeraha. Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Batwa walifukuzwa kutoka pori la babu zao. Hata hivyo ni wafuatiliaji wa Kitwa waliosaidia kuzoesha gorila wa kwanza kwa macho ya watu. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa hao.

Katika utalii wa kawaida, Batwa wanaitwa kucheza ngoma. Wageni wanatazama, wanatoa dola kidogo, gari linaondoka. Wengi wanaondoka na uzito moyoni, na uzito ule hauleti hamu ya kurudi. Upande wa Uganda, katika parke ya Mgahinga inayopakana na Virunga, walijaribu njia nyingine: Batwa wenyewe wanaongoza wageni porini, wanaonyesha dawa, asali, namna ya kuwasha moto, hadi pango la Garama. Njia hiyo haikurudisha ardhi waliyoipoteza mwaka 1991, na hakuna anayepaswa kudanganyika hapo. Lakini ilibadilisha nafasi ya mtu: yule aliyekuwa wa kutazamwa amekuwa mwalimu. Na mwalimu ana majibu ambayo mgeni hawezi kuyamaliza kwa siku moja.

Wageni wako tayari hapa

Wengi wanangojea ndege zilete wazungu. Lakini mgeni wa kwanza wa Kivu ni Mkongomani: mwanafunzi wa Bukavu ambaye hajawahi kufika Lwiro, mtoto wa diaspora anayekuja kwa arusi ya dada yake, mfanyakazi wa shirika anayekaa miaka miwili bila kujua maana ya jina la mtaa wake. Hao wanaweza kurudi mwezi ujao bila visa. Katika mji wenye utulivu kidogo, matembezi ya saa mbili yanatosha: soko, bandari, Musée du Kivu, nyumba za wakati wa wakoloni, chukudu na yule anayeisukuma.

Hiyo ni shule pia. Kijana anayeweza kumshika mkaaji wa Kadutu kwa saa mbili juu ya Kadutu yenyewe hatashindwa na mtalii wa Ubelgiji. Lakini anahitaji cha kusimulia, na hicho kiko vichwani mwa wazee, wengi wao leo wakiwa wamehama makwao. Mzee akifariki mbali na kijiji chake, mezali zake zinazikwa naye. Kuwarekodi hakungoji mikataba ya amani: simu moja, jioni moja, na mtu mwenye subira ya kusikiliza. Siku barabara zitafunguka, gorila hataeleza historia yetu. Kazi hiyo itamngojea mtu aliyejifunza leo.