Mtoto Akimlilia Panya, Tusimcheke

Ndugu msomaji, kabla sijakupa nasaha sina budi kukutolea aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana, katika baridi ya Julai, nilikuwa mgeni wa rafiki yangu wa tangu chuoni, mtu wa kwetu pwani aliyehamia Embu zamani akafungua duka Majengo. Nyumbani mwake yumo mjukuu wa kike wa miaka tisa, na mjukuu huyo alikuwa na panya mweupe aliyeletewa na mjomba wake kutoka Nairobi. Akimwita Pamba. Akimtembeza begani na kumgawia punje za mahindi, na panya naye akija mbio kila amsikiapo bibiye.

Jumatatu Pamba alikuwa mzima. Jumanne usiku alijikunyata pembeni mwa sanduku lake, manyoya yamemsimama, akihema kwa mkoromo, na puani mna wekundu kama damu. Asubuhi mtoto alimpeleka kwa daktari wa mifugo, bwana aliyezoea ng'ombe na mbuzi. Hakumdharau. Alimweleza kuwa wekundu ule si damu, ni majimaji ya tezi iliyo nyuma ya jicho, nayo humtoka panya akidhoofika. Kuwa panya wa kufugwa umri wake ni miaka miwili au mitatu tu, na maradhi ya kifua huwapata sana. Na kuwa mnyama anayewindwa huuficha ugonjwa mpaka umemshinda, ndipo mwenyewe hudhani umeanza jana. Alasiri Pamba akafa mkononi mwa mtoto.

Akaja barazani analia kwa kwikwi. Nami, mtu mzima mwenye mvi, mtunga marthia za watu wakubwa, nikamwambia, "Mjukuu wangu, wa kulia ni paka, maana amekosa kitoweo." Baraza zima likaangua kicheko. Mtoto akanyamaza papo hapo, akanitazama, akaingia ndani. Asubuhi yake, nilipokuwa naondoka kwenda Meru kwa shughuli zangu, hakuja kunibusu mkono kama ilivyo desturi yake.

Garini nilijitetea kwa elimu ya chuoni. Tulifunzwa kuwa panya ni miongoni mwa viumbe watano waharibifu, pamoja na kunguru, mwewe, nge na mbwa mkali, ambao ruhusa imetolewa kuwaua hata ndani ya Haram. Hilo ni kweli, na mwenye ghala la mahindi hahitaji kuelezwa madhara ya panya. Hukumu ya kumfuga nawaachia masheikh. Lakini ruhusa ya kumuua mharibifu si ruhusa ya kuyacheka machozi ya mtoto.

Tulipopita Runyenjes na Chuka, nikaikumbuka hadithi nyingine niliyoisoma kwa mwalimu yule yule. Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na ndugu mdogo aliyeitwa Abu Umayr, na mtoto huyo alikuwa na kijidege akicheza nacho. Kikafa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, akamkuta mtoto ana huzuni, akauliza ana nini, akaelezwa. Basi yeye aliyebeba mzigo wa umma mzima akamwita mtoto kwa lakabu yake, kama aitwavyo mtu mzima, na kwa maneno mepesi yenye kina akamwuliza habari za kijidege chake. Hakumwambia kuwa ni ndege tu.

Meru nako kuna kaburi la mnyama, na wageni hulizuru. Simba jike Elsa, aliyelelewa na George na Joy Adamson tangu 1956 na kisha akarudishwa mwituni, alishikwa na maradhi yaletwayo na kupe akafa Januari 1961, hajatimiza miaka mitano. George alikuwa naye. Joy alikuwa Nairobi, hakumwahi. Alizikwa kando ya Mto Ura, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Meru ya leo, na dunia ikampa pole mama yule. Sijasikia baraza lililomcheka.

Mtu ataniambia simba ni simba, na panya ni panya. Basi na amtazame Magawa, panya buku aliyezaliwa Morogoro katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Shirika la APOPO lilimfunza kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, naye kwa wepesi wake akipita juu yake yasilipuke. Huko Kambodia aligundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza. Alipokufa Januari 2022, akiwa na miaka 8, watu wazima waliomtunza walihuzunika hadharani wala hawakuona haya.

Najua nitajibiwa kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya adabu, si ya msiba. Mtoto aliyekosa na aonywe. Mtoto aliyefiwa hupewa pole. Huenda kifo hicho kidogo kikawa cha kwanza kukiona maishani mwake, na namna tutakavyomjibu ndivyo atakavyotujua siku ya kifo kikubwa. Mnyama hasaliwi wala hawekewi matanga. Lakini asitupwe jaani mbele ya macho ya mtoto. Azikwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtoto aambiwe kweli, kuwa amekufa. Wala tusikimbilie kumnunulia mwingine kesho yake, kana kwamba kimevunjika kikombe.

Niliporudi Embu baada ya siku mbili, nilimkuta uani. Nikachutama kando yake, nikamwambia, "Mama, nilikukosea, niwie radhi. Hebu nipe habari za Pamba." Alinitazama kitambo, akiona kama nitacheka tena. Kisha akanishika mkono akanipeleka chini ya mparachichi, penye udongo mpya na jiwe jeupe juu yake. Akanihadithia mpaka adhana ya Magharibi, nami nikamsikiliza.