Fizi: dawa ya majeraha ya moyo inajulikana, wa kuitoa ndio hawatoshi

Mwanamke aliyeshambuliwa njiani akitoka shambani, akifika hospitali ya Baraka au ya Fizi kabla ya saa 72, muganga anajua la kufanya: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, za kuzuia mimba, na za magonjwa ya zinaa. Utaratibu upo na umeandikwa. Lakini mwanamke huyo huyo akirudi wiki tatu baadaye na kusema halali usiku, moyo unampiga, na kila akisikia pikipiki anatafuta pa kujificha, jibu atakalopata halitegemei tena utaratibu. Linategemea kama kuna mradi ambao bado haujafungwa.

Hali hiyo inashangaza, kwa sababu Kivu Kusini ni moja ya sehemu za Afrika ambazo wanasaikolojia wa vyuo vikuu wamezifanyia utafiti kwa bidii kubwa. Swali la kama majeraha ya moyo yanaweza kutibiwa vijijini, katikati ya vita, limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni nani anaishika kazi hiyo watafiti wanapofunga mizigo yao.

Jibu lililotoka vijijini

Mnamo Juni 2013, jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu, vingi vyake vikiwa Kivu Kusini. Kundi la watafiti lililoongozwa na Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Washington na shirika la IRC. Walitaka kujua kama tiba ya mazungumzo, iliyobuniwa Marekani, inaweza kuwasaidia wanawake Wakongomani walionusurika ubakaji.

Wanawake 405 walishiriki. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipewa tiba ya mazungumzo katika vikundi vidogo. Katika vijiji vingine 8, wanawake 248 walipewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja: kusikilizwa, kutiwa moyo, kuelekezwa kwenye huduma nyingine. Miezi 6 baada ya tiba kuisha, wanawake 9 kwa kila 100 wa vikundi vya tiba ndio waliobaki na dalili nzito za huzuni na hofu. Kwa wale wa msaada wa kawaida, walikuwa 42 kwa kila 100. Tofauti ya namna hiyo ni nadra kuonekana katika tafiti za saikolojia, hata katika nchi tajiri.

Tiba yenyewe haina uchawi. Mtu aliyefanyiwa ukatili mara nyingi hubaki na mawazo yanayomfunga: ni kosa langu, nilipaswa kukimbia, sina thamani tena, hakuna mtu wa kuaminiwa. Katika kikundi, mwanamke hujifunza kuona uhusiano kati ya wazo na hisia, kisha kuliuliza wazo lile maswali. Je, ni kweli? Nani alibeba bunduki siku ile? Ningemwambia dada yangu hivyo kama yangemkuta yeye? Wiki baada ya wiki, wazo linapungua nguvu, usingizi unarudi, na mtu anarudi sokoni na shambani.

Kuna mambo mawili katika utafiti huo ambayo mkaaji wa Fizi anapaswa kuyajua. La kwanza ni lugha. Kazi ilifanyika kwa Kiswahili na kwa lugha za watu wa Kivu Kusini, Kibembe ikiwemo. Kwa kuwa washiriki wengi hawakujua kusoma, mazoezi yaliyozoeleka kuandikwa kwenye karatasi yalirahisishwa ili yashikwe kichwani.

La pili ni watu waliotoa tiba. Hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia wenye shahada. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, wale ambao kila mtu Kivu anawaita APS: Wakongomani waliosoma miaka kadhaa ya sekondari na waliokuwa tayari wanafanya kazi na wanawake hao. Walipata mafunzo mafupi ya ana kwa ana, kisha wakasimamiwa kwa karibu kazini.

Vita havikuzuia tiba

Wapo waliodhani kwamba jeraha la moyo haliwezi kutibiwa kabla ya amani kurudi. Hoja hiyo inaeleweka: utamwambiaje mtu kwamba hatari imepita, wakati haijapita?

Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2020, mtafiti Debra Kaysen na wenzake walichunguza jambo hilo kwa kutumia takwimu za utafiti ule ule. Baadhi ya vijiji vilikumbwa na machafuko wakati tiba inaendelea. Walikuta kwamba wanawake wa vijiji hivyo nao walipata nafuu. Na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022, baada ya watafiti kurudi kuwatafuta sehemu ya wanawake wale miaka kadhaa baadaye, yalionyesha kwamba nafuu hiyo ilidumu.

Kwa Fizi, ambako kizazi kizima hakijaona miaka kumi mfululizo bila bunduki, matokeo hayo yana uzito wa pekee. Yanaondoa kisingizio cha kusubiri. Mgonjwa wa malaria haambiwi asubiri mvua ikome ndipo atibiwe.

Ng'ambo ya ziwa, kazi ya aina hiyo imefanyika pia miongoni mwa watu waliotoka huku. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita, wengi wakitoka Kivu Kusini. Huko, Johns Hopkins na Chuo Kikuu cha Muhimbili cha Dar es Salaam waliendesha jaribio lililoitwa Nguvu, kwa wanawake wakimbizi wanaopigwa na waume zao na wanaoishi na huzuni nzito. Wanawake 311 walishiriki. Safari hii pia, tiba ilitolewa na watu wasio wataalamu, wakimbizi wenyewe. Lengo lilikuwa kupima kama kazi ya namna hiyo inawezekana kambini, na ilionekana inawezekana.

Kupimwa si kutibiwa

Upande wa pili wa habari hii haufurahishi. Fizi na majirani zake wamejibu maswali mengi kuliko huduma walizopata.

Mwaka 2010, jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilitoa uchunguzi uliofanywa katika kaya 998 za mashariki ya Congo. Nusu ya watu wazima walioulizwa walikuwa na dalili za ugonjwa wa mfadhaiko unaofuata ukatili, na watu 4 kwa kila 10 walikuwa na dalili za huzuni nzito. Namba hizo zimetajwa mara nyingi katika maombi ya misaada. Inafaa zisomwe kwa uangalifu: fomu ya maswali huonyesha dalili, haitoi hukumu kwamba mtu ni mgonjwa. Anayekosa usingizi kwa sababu ana njaa, au kwa sababu mwanawe hajarudi kutoka machimbo, anaweza kupata alama zile zile.

Hapo ndipo kazi ya idara ya saikolojia ya chuo kikuu cha nchini inapohitajika. Fomu nyingi zinazotumika zilitungwa kwa Kiingereza, zikapita katika Kifaransa, ndipo zikafika kwa Kiswahili au Kibembe. Neno kama « dépression » halina ndugu yake wa moja kwa moja. Watu wa Baraka husema mtu « anawaza sana », au « moyo wake umechoka ». Kujua ni lipi kati ya maneno hayo linabeba ugonjwa, na ni lipi linabeba shida ya kawaida ya maisha, ni utafiti kamili. Na mtu anayefaa kuufanya ni yule aliyekulia ndani ya lugha hiyo.

Lakini njia ya kijana wa Fizi kuelekea taaluma hiyo imekuwa ndefu tangu zamani. Mwaka 1971, serikali ya Mobutu ilipounganisha vyuo vikuu vyote kuwa UNAZA, masomo ya saikolojia na elimu yaliwekwa Kisangani. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, na leo Bukavu ina vyuo vikuu vyake. Kwa mfano, Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, UEA, kina uhusiano wa karibu na hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Panzi inamhudumia mwathirika kwa njia nne kwa pamoja: mwili, moyo, uchumi na sheria. Pia Bukavu ndiko kuliko kituo cha SOSAME, kinachotibu magonjwa ya akili.

Kutoka Baraka hadi Bukavu ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Uvira. Tangu Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, umbali huo hauhesabiwi tena kwa kilomita tu. Mgonjwa wa Fizi anayepaswa kupelekwa huko, au mwanafunzi anayepaswa kurudi masomoni, anakutana na mstari wa mapigano.

Fedha nazo zimekatika

Pigo la pili limetoka mbali zaidi. Utafiti wa mwaka 2013 ulilipiwa na Benki ya Dunia pamoja na mfuko wa shirika la Marekani la USAID kwa ajili ya waathirika wa mateso. Januari 2025, serikali ya Donald Trump ilisimamisha misaada ya nje, na Julai 1 mwaka huo USAID ilifungwa rasmi.

Hii inaonyesha udhaifu uliokuwepo tangu mwanzo. Tiba iliyothibitishwa Kivu ilikaa mikononi mwa miradi, si mikononi mwa zoni za afya. APS akifundishwa na mradi, mradi ndio unamlipa. Mradi ukiisha, anarudi kulima au kuuza dagaa, na ujuzi wake unabaki kichwani mwake bila kazi.

Fizi imewahi kuona jambo kama hilo katika sheria. Baada ya ubakaji uliofanywa na wanajeshi mjini Fizi usiku wa Januari 1, 2011, mahakama ya kijeshi inayotembea ilikuja kukaa Baraka. Wanawake 49 walisimama kutoa ushahidi. Februari 21, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 jela kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na askari wengine 8 walikutwa na hatia. Hukumu hiyo ilisifiwa duniani kote. Kisha mahakama ikafunga mafaili, ikaondoka. Wanawake walibaki, na majirani zao, na kumbukumbu ya yale waliyoyasema mbele ya watu.

Linalowezekana sasa

Kuna tahadhari moja ambayo haifai kurukwa. Kusema kwamba APS anaweza kutibu hakumaanishi kwamba kila mwenye fulana ya shirika anaweza. Matokeo ya mwaka 2013 yalipatikana kwa sababu nyuma ya kila APS kulikuwa na msimamizi Mkongomani, na nyuma yake mtaalamu wa tiba yenyewe. Kumfanya mtu asimulie ubakaji wake, kisha kumwacha bila kumfuatilia, kunaweza kumuumiza upya. Bila usimamizi, tiba inageuka maswali tu.

Usimamizi huo ndio kitu ambacho idara ya saikolojia inaweza kukitoa kwa gharama ndogo kuliko shirika la kigeni. Vyuo vikuu vya Congo vimeingia katika mfumo wa LMD, unaompa mwanafunzi miaka mitatu ya licence na miwili ya master. Mfumo huo unatoa nafasi ya kuweka mafunzo ya vitendo ndani ya masomo. Mwanafunzi wa master anayekaa miezi Nundu, Fizi au Kimbi-Lulenge akiwasimamia APS atapata mada ya kazi yake ya mwisho, na zoni ya afya itapata msimamizi. Barabara ikifungwa, simu bado inapita: katika utafiti wa Kivu pia, sehemu ya usimamizi ilifanyika kwa mbali.

Serikali nayo ina sehemu yake. Ilimradi APS hayumo katika orodha ya wafanyakazi wa zoni ya afya kama alivyo muuguzi, ataendelea kuwa mtu wa mradi. Na watafiti watakaokuja kesho wanapaswa kuulizwa mapema, na machifu pamoja na waganga wakuu wa zoni, maswali mawili rahisi: matokeo yataletwa lini kijijini, kwa lugha gani? Na mtakapoondoka, ni nani wa hapa atakayeendelea?

Wanawake waliokaa katika vikundi vile walitoa majibu yao, machozi yao na siku zao za shamba. Dunia ilijifunza kutoka kwao kwamba jeraha la moyo linapona hata vita vikiwa karibu. Ni haki kwamba mwanamke atakayefika hospitali ya Baraka wiki ijayo, akisema halali usiku, amkute mtu aliyejifunza jambo hilo hilo.