Majina ya Waliovuta Kamba

Na Mwana wa Lulenge

Juma hili alitufikia Kilembwe mgeni wa semina, yule wa koti zito jua likiwaka. Wasomaji wa safu hii mnamfahamu, hubadilika jina tu. Aliketi lubungani, baraza la wanaume, akapewa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akaanza kutusimulia vita ya Ziwa Tanganyika. Kwake vita yote ni mtu mmoja: Geoffrey Spicer-Simson, afisa Mwingereza aliyevaa sketi na kuzishinda meli za Wajerumani. Vijana walicheka. Mimi hasira zilinipanda.

Nilimuuliza: ndugu, boti zake mbili, Mimi na Toutou, zilifikaje ziwani mwaka 1915?

"Kwa treni."

Kwa treni! Reli ilikoma Fungurume. Kutoka hapo hadi Sankisia ni pori na milima ya Mitumba. Wakongo ndio waliofyeka njia, wakajenga madaraja zaidi ya 100, wakavuta kamba pale mashine za mvuke na ng'ombe waliposhindwa. Nitajie mmoja wao. Sketi tunaijua hadi rangi.

Akanibembeleza: "Mzee, nyinyi watu wa mlimani, mambo ya majini yanawahusu nini?"

Hapo nikasimama. Mwaka 1965 boti za doria, wanamaji wake Wakuba waliomkimbia Castro na kulipwa na majasusi wa Marekani, zilizunguka ziwa kumzibia njia Che Guevara, aliyekuwa amevuka kutoka Kigoma mwezi Aprili kuwasaidia waasi wa huku. Septemba mamluki wa Mike Hoare wakashuka Baraka kutoka majini. Baraka ikipigwa, bwana, watu hawakimbilii ziwani. Wanapanda huku.

Meli ya vita iliyotufaa ni moja tu, Graf von Götzen, nayo ilibidi kwanza izame. Wajerumani waliitosa wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikabeba abiria na ndagala miaka na miaka. Mwaka 1997 ikawarudisha Kongo ndugu zetu waliokimbilia Tanzania. Mgeni hakuwahi kusikia. Aliuliza kama kasiksi imebaki.

Jioni gari lake lilikwama matopeni, akaomba vijana wa kusukuma. Walikwenda. Lakini nilimlazimisha kwanza atoe daftari la semina aandike majina yao, mmoja mmoja, na la ukoo pia.